Pikipiki yangu iko polisi, aliyebeba bangi ni dereva: kwa nini niadhibiwe mimi nisiye na kesi?

#1 Nyamasaria Moja
Wadau, hamjambo. Nina Boxer niliyompa kijana mmoja aendeshe hapa Kisumu, ananiletea hesabu kila jioni. Siku moja akapewa mzigo stendi, gunia la omena, kumbe chini yake kumepangwa bangi. Wakamnasa njiani. Kijana yuko nje kwa dhamana, kesi inaahirishwa tu, na pikipiki imefungiwa uani stesheni. Mimi sijashtakiwa. Hakuna aliyeniita hata kuandika taarifa. Juzi nilienda kuiangalia nikakuta betri haipo. Kiti changu nilikishonesha kwa fundi pale Kibuye, chekundu chenye uzi mweupe pembeni. Sasa kimewekwa cheusi kilichopasuka, sponji inachungulia. Nikiuliza, naambiwa nishukuru, kwa sababu serikali inaweza kuitwaa kabisa. Nasema huu ni wizi uliovaa sare. Anayepinga aje.

#2 Kijana wa 58
Pole sana mzee. Ila naomba kuuliza: omena ina harufu, bangi ina harufu, zote ziko gunia moja, na kijana hakunusa kitu? Alikuwa na mafua?

#3 Wakili wa Mtaani
Pole, Nyamasaria. Unapigana na mnyama mmoja huku umemwangalia mwingine. Pikipiki yako bado ni kielelezo. Polisi wameishikilia kwa ajili ya ushahidi, na sheria ya taratibu za kesi za jinai, sehemu ya 121, inawaruhusu kukaa nayo hadi kesi iishe. Sehemu hiyohiyo inawataka waitunze kwa uangalifu unaofaa, kwa hiyo habari ya betri na kiti si jambo la kunung'unikia pembeni, ni la kuandikia hakimu. Kutwaliwa moja kwa moja kuwa mali ya serikali ni hatua nyingine, na hiyo haiamuliwi na OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Ni mahakama. Sheria ya mihadarati ya 1994 inaruhusu vifaa na vyombo vilivyotumika kutenda kosa vitwaliwe, lakini mwenye mali ana haki ya kusimama aseme hakujua. Usingoje hukumu. Peleka ombi sasa kwenye mahakama inayosikiliza kesi hiyo: hati ya kiapo, logbook, na chochote kinachoonyesha ulimpa pikipiki kwa kazi halali.

#4 Nyamasaria Moja
Asante wakili. Mkataba wetu ulikuwa wa mdomo. Nani huandikishana na dereva wa boda?

#5 Dobi wa Shabab
Huku Nakuru mimi huandikishana nao. Karatasi moja, nambari ya kitambulisho, sahihi, na shahidi ni mama wa kibanda cha chai. Walinicheka sana mwanzoni. Siku moja ya yangu ilipokamatwa na mitungi ya chang'aa, ile karatasi ndiyo iliyoongea. Ilitoka, ingawa ilitoka ikiwa imekonda.

#6 Afande Mstaafu
Nimesoma nikasema nisinyamaze. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, na stoo ya vielelezo naijua. Nyinyi mnaona uonevu, mimi naona karani mmoja, daftari moja na uwanja usio na paa. Kila kitu kina lebo ya nambari ya kesi. Mvua inanyesha, lebo inafutika. Mpelelezi anahamishwa Garissa, hakimu anahamishwa, kesi inaanza upya. Na nikikuachia pikipiki kisha siku ya ushahidi mshtakiwa aseme haikuwa ile, anayeulizwa kielelezo kiko wapi ni mimi. Wewe utakuwa umeshaiuza Bungoma. Askari haachilii kwa sababu hakuna aliyewahi kupandishwa cheo kwa kuachilia.

#7 Nyar Seme
Afande, kwa heshima yako: na betri nayo ilihamishwa Garissa?

#8 Kijana wa 58
Hahaha! Namba 7 funga uzi.

#9 Afande Mstaafu
Betri siwezi kuitetea, binti yangu. Wapo wezi kila mahali, na kwetu walikuwepo. Ninachopinga ni kusema mfumo wote umejengwa kwa ajili ya kuiba. Mfumo ni mzembe kwanza. Wizi unakuja kulala ndani ya uzembe.

#10 Nyar Seme
Sawa, lakini uzembe una dawa. Pigeni picha, chukueni nambari ya injini na ya chesisi, mwenye mali asaini bondi kwamba ataileta ikihitajika. Pikipiki si bangi. Haihitaji kupelekwa kwa mkemia wa serikali. Kwa nini ikae kwenye jua mpaka matairi yapasuke?

#11 Wakili wa Mtaani
Hilo linawezekana na mahakimu wengine huliamuru, mali ipigwe picha na kurudishwa kwa masharti. Tatizo ni kwamba lazima mtu aombe, na wengi hawaombi. Wanazunguka stesheni kubembeleza, pale ambapo anayebembelezwa hana uamuzi.

#12 Omundu wa Busia
Mulembe. Nyinyi wa bangi mna nafuu, angalau mna hakimu. Njooni mpakani. Kule sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 haina subira. Ukikamatwa na sukari ya magendo, sukari inakwenda na gari lililobeba linaweza kwenda. Mwenye mali ana mwezi mmoja wa kudai kwa maandishi. Ukikaa kimya mwezi ukapita, hesabu imekwisha, mali si yako tena na hakuna aliyekuita kortini. Nimeshuhudia jirani akipoteza pikapu hivyo. Aliambiwa na mtu wa pale getini "tulia, tutaongea". Akatulia. Mwezi ukaisha wakiwa bado wanaongea.

#13 Mkulima wa Elburgon
Hii ya kutulia naijua. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, huku kwetu Elburgon na Molo, ambako kila familia ina mtu wa mbao, lori lilikuwa linasimamishwa hata likiwa na miti ya shamba la mtu binafsi. Shamba lako, mti uliupanda wewe, karatasi ya chifu unayo, lakini lori linalala kituoni na mbao zinapinda. Marufuku ikaondolewa 2023 na malori mengine hayakuwahi kuwa malori tena. Wengi hawakushtakiwa kwa lolote. Kwa hiyo wakili, unapotuambia kushikilia na kutwaa ni vitu viwili, sisi tuliona kitu kimoja kwa macho yetu.

#14 Wakili wa Mtaani
Mkulima, nakubali kwamba uchungu ni uleule. Ila dawa ni tofauti. Mali ikishikiliwa bila kesi yoyote, unakwenda Mahakama Kuu kudai haki ya kumiliki mali, Kifungu cha 40 cha Katiba.

#15 Mkulima wa Elburgon
Na gharama ya kwenda Mahakama Kuu inazidi mbao zenyewe. Hapo ndipo wanapotupatia.

#16 Msafiri Minnesota
Habari za nyumbani. Niwape ya huku Marekani, maana hili jambo huku ni vita ya miaka mingi. Sheria ya shirikisho ya 1984 iliruhusu idara za polisi kubaki na pesa na mali wanazotwaa. Kuna mpango wa kugawana: polisi wa mji wakishirikiana na serikali ya shirikisho, wanaweza kurudishiwa hadi asilimia 80 ya kilichotwaliwa. Sasa fikiria askari anayejua kwamba gari lako litageuka bajeti ya kituo chake. Na kesi haiwi dhidi yako, inakuwa dhidi ya mali. Kuna kesi kortini huku zinazoitwa Marekani dhidi ya kiasi fulani cha dola. Dola ndizo mshtakiwa! Kuna jamaa wa Indiana, Tyson Timbs, alinunua Land Rover ya kama dola 42,000 kwa pesa za bima ya maisha ya baba yake. Akauza heroini kidogo, wakalitwaa gari, ilhali faini ya juu kabisa ya kosa lake ilikuwa dola 10,000. Mahakama ya Juu mwaka 2019 ikasema majaji wote kwa sauti moja kwamba marufuku ya Katiba dhidi ya faini kupita kiasi inayabana majimbo pia. Alilipata gari mwaka uliofuata. Nyamasaria, huo wa kwenu ni mtindo wa Marekani umevuka bahari.

#17 Karani wa Nakuru
Msafiri, hapo umevuka mto mahali hapana daraja. Kenya, polisi hawabaki na kilichotwaliwa. Kesi kubwa za mali ya uhalifu zinaendeshwa na ARA, wakala wa serikali wa kurejesha mali, chini ya sheria ya 2009 ya mapato ya uhalifu na utakatishaji wa fedha, na pesa zinaingia kwenye hazina maalum ya mali iliyorejeshwa. OCS wa Kondele huko Kisumu haoni hata shilingi. Kwa hiyo ile hoja ya "wanakamata ili wapate bajeti" huku haina miguu.

#18 Msafiri Minnesota
Haina miguu rasmi. Lakini kuna bajeti na kuna mfuko wa suruali. Huku motisha imeandikwa kwenye sheria, huko haijaandikwa popote. Ipi mbaya zaidi?

#19 Dobi wa Shabab
Ya kwenu angalau ina risiti.

#20 Mama wa Chama, Lurambi
Mimi swali langu liko upande wa pesa. Karani, hiyo sheria ya 2009 inasemaje kwa mtu kama mimi? Tuna chama cha akina mama. Mwezi wa Desemba tunagawana, pesa zote ni taslimu, zimefungwa kwenye leso. Mweka hazina wetu akikamatwa barabarani na kitita kile, ataeleza nini? Risiti ya kuuza mboga sokoni hakuna. Ng'ombe wa mume wangu aliuzwa mnadani kwa kupeana mikono.

#21 Karani wa Nakuru
Mama, ARA haiwezi kukunyang'anya barabarani. Inakwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuzuia mali, na kweli amri hiyo hutolewa bila wewe kusikilizwa. Baadaye inatangazwa kwenye Gazeti rasmi la serikali. Kutoka hapo wana siku 90 za kuleta ombi la kutwaa, wasipoleta amri inakufa. Kwenye ombi lenyewe ndipo unapoeleza.

#22 Mama wa Chama, Lurambi
Gazeti rasmi la serikali linauzwa wapi Lurambi?

#23 Kijana wa 58
Linafungiwa mandazi.

#24 Wakili wa Mtaani
Niongeze juu ya namba 21, maana ndipo mabishano yalipo. Jaji haamui kwa kipimo cha jinai, cha kuthibitisha bila shaka. Anaamua kwa mizani ya uwezekano: je, inaelekea zaidi kwamba mali hii ni ya uhalifu? Na sehemu ya 92 ya sheria hiyo ya 2009 inasema wazi kwamba amri ya kutwaa haitegemei matokeo ya kesi ya jinai. Unaweza kuachiliwa huru leo kwenye jinai na kesho ukapoteza nyumba. Wanaoitetea wanasema mali haina haki ya kudhaniwa haina hatia, mtu ndiye anayo. Wanaoipinga wanasema nyumba haiwezi kujieleza, anayejieleza ni mwenyewe, kwa hiyo mzigo umemhamia yeye.

#25 Jirani wa Milimani Nakuru
Mnalia sana. Mimi naitetea hii sheria bila aibu. Tuna watumishi wa umma wa mishahara ya kawaida wanaojenga ghorofa mbili kwa mpigo, na kila mtu kwenye mtaa anajua. Ukisubiri ahukumiwe kwa jinai, mashahidi watakufa na faili litapotea. Katiba yenyewe, Kifungu cha 40(6), inasema ulinzi wa mali hauifikii mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Kuna kesi ya Stanley Amuti, aliyekuwa meneja wa fedha kwenye shirika la serikali la maji. Tume ya kupambana na ufisadi ilimtaka aeleze utajiri wake, maelezo hayakutosha, akaamriwa alipe kama milioni 41. Mahakama ya Rufaa mwaka 2019 ikasema kumtaka aeleze hakuvunji haki yake. Nilishangilia.

#26 Nyar Seme
Hakuna anayemlilia Amuti hapa. Tunalilia Boxer.

#27 Jirani wa Milimani Nakuru
Ukiilegeza kwa Boxer, wa ghorofa atapita hapohapo. Huwezi kuwa na sheria ya maskini na sheria ya tajiri.

#28 Mkulima wa Elburgon
Mbona tayari zipo mbili? Wa ghorofa anapewa notisi, jaji, siku 90 na mawakili watatu. Wa boda anapewa "njoo kesho".

#29 Nyamasaria Moja
Namba 28 amesema nilichokuwa natafuta tangu jana.

#30 Wakili wa Mtaani
Hata wakubwa huumia, Mkulima. Mwaka 2022 ARA ilifungia akaunti za Flutterwave, kampuni ya malipo, zenye zaidi ya shilingi bilioni sita. Mwaka uliofuata ARA yenyewe ikaondoa kesi. Muda wote huo pesa zilikuwa zimelala. Kwa hiyo amri ya kuzuia ni adhabu tosha hata kabla ya kuthibitisha lolote, uwe na boda au uwe na benki.

#31 Omundu wa Busia
Mimi naona mnatafuta mchawi nyumbani na mchawi yuko ng'ambo. FATF, wale wakaguzi wa dunia wa pesa haramu, waliitia Kenya kwenye orodha ya kijivu, ile ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Februari 2024. Serikali lazima ionyeshe inakamata. Ukitaka kuonyesha unakamata, nani rahisi kumkamata? Mama wa chama au bwana mkubwa mwenye akaunti Dubai?

#32 Karani wa Nakuru
FATF haihesabu pikipiki za Kondele, Omundu. Inaangalia utakatishaji na ufadhili wa ugaidi.

#33 Omundu wa Busia
Haihesabu, lakini upepo ukivuma juu, huku chini vumbi linaingia machoni.

#34 Mvuvi wa Dunga
Mmetusahau watu wa ziwani. Huku nyavu ndizo zinazokamatwa. Maafisa wakikuta monofilamenti, nyavu za uzi mmoja wa plastiki, wanazichukua wanazichoma ufukweni, na hilo sina neno, nyavu zile zinamaliza ngege wadogo. Lakini ukivuka kidogo upande wa Uganda, hadithi nyingine. Tangu jeshi lao lilipopewa kazi ya kulinda samaki mwaka 2017, mashua chini ya futi 28 kwao ni haramu. Watu wa visiwa vya Migingo na Remba waulizeni. Wanachukua injini, samaki na nyavu, mashua inateketezwa. Utadai kwa hakimu gani? Wa Kenya hana mamlaka, wa Uganda utamfikiaje bila mashua?

#35 Kijana wa 58
Jaduong', sasa uzi umeingia majini. Afande, una maoni au huogelei?

#36 Afande Mstaafu
Naogelea vizuri. Mvuvi ameleta jambo ambalo wakili halitaji: kuna vitu lazima viharibiwe papo hapo. Chang'aa humwagwa baada ya kuchukua sampuli ya korti. Sasa sufuria na pipa vilivyoipikia utafanyaje? Ukimrudishia, jioni anapika tena.

#37 Dobi wa Shabab
Afande, sufuria za bibi yangu zilikamatwa na msako. Baadaye moja tukaiona kwenye harusi, imepikiwa pilau, na alama yake ya kutoboka mkono wa kushoto wa kishikio. Hatukusema kitu. Pilau ilikuwa tamu.

#38 Jirani wa Milimani Nakuru
Na bibi alikuwa na leseni? Ile sheria ya 2010 ya Mututho, mbunge wetu wa Naivasha wakati huo, iliondoa marufuku ya chang'aa, ikasema pika lakini kwa leseni na viwango. Kama hakuwa nayo, sufuria ilikuwa kifaa cha uhalifu.

#39 Dobi wa Shabab
Ya kifaa cha uhalifu ilipikia pilau ya nani?

#40 Nyar Seme
Turudi kwa Nyamasaria. Msafiri, huko kwenu mwenye gari asiye na hatia anapata nini? Tuambie vizuri, usituletee Land Rover tu.

#41 Msafiri Minnesota
Inategemea jimbo. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mama mmoja iliyotoka Alabama. Alimpa mwanawe gari atumie, mwana akakamatwa na bangi, gari likazuiwa zaidi ya mwaka ilhali mama hakuwa na kosa. Aliomba tu kwamba wenye mali wawe wanasikilizwa mapema, kabla kesi kubwa haijafika. Akashindwa, majaji 6 kwa 3. Wakasema Katiba inataka kesi isikilizwe kwa wakati, haitaki kikao cha awali. Upande mwingine, New Mexico ilifuta utwaaji wa kiraia mwaka 2015, Maine mwaka 2021. Huko lazima mtu ahukumiwe kwanza.

#42 Jirani wa Milimani Nakuru
Na New Mexico haina mawaziri wa kaunti.

#43 Nyamasaria Moja
Huyo mama wa kesi ya Alabama ni mimi mtupu. Tofauti ni kwamba wake aliyeendesha ni mwana, wangu hata simu zangu hapokei. Wakili, nikienda na logbook itatosha? Bado iko jina langu na la kampuni ya mkopo.

#44 Wakili wa Mtaani
Hiyo ni nguvu, usiione kuwa udhaifu. Waandikie kampuni waungane nawe kwenye ombi. Wao wana haki juu ya pikipiki hiyo, na karani huwasikia haraka kuliko anavyokusikia wewe. Eleza na hali yake ya sasa, ambatisha picha zenye tarehe.

#45 Afande Mstaafu
Hilo la kampuni ya mkopo silikubali. Nimeona kampuni zikitoa pikipiki kwa mlango wa mbele kisha kumnyang'anya mwenyewe kwa sababu ana malimbikizo. Afadhali ikae stesheni.

#46 Nyamasaria Moja
Malimbikizo yapo, Afande. Nitayalipaje na pikipiki haifanyi kazi?

#47 Mama wa Chama, Lurambi
Hapo sasa.

#48 Mgeni wa Molo
Jamani samahani kuingilia, nimejiunga leo. Marehemu baba aliacha pikapu, ilikamatwa kwa ajali kabla hajafariki na bado iko kituoni. Nimeona tangazo kwenye Gazeti rasmi kwamba mwenye gari aje ndani ya siku 30 au itapigwa mnada. Logbook ni ya marehemu. Siku zimebaki chache. Nianzie wapi?

#49 Wakili wa Mtaani
Pole na msiba. Pikapu si ya mtu yeyote mpaka mirathi ifunguliwe, kwa hiyo anza na korti, omba kibali cha muda cha kulinda mali ya marehemu. Sambamba na hilo, andikia OCS barua leo hii kwamba mali ina wenyewe na ombi liko kortini, upewe nakala yenye muhuri. Hilo tangazo ni la mali isiyochukuliwa na mwenyewe. Kazi yako ya kwanza ni kuonyesha kwa maandishi kwamba mwenyewe yupo.

#50 Karani wa Nakuru
Na cheti cha kifo uwe na nakala halisi, usiende na ya simu.

#51 Afande Mstaafu
Usiende Ijumaa mchana. Mwenye ufunguo wa stoo huwa ameshaondoka.